Kurasa Mbili Alizoruka Gaynor

Saa mbili kasorobo asubuhi, Gaynor Ollerenshaw ananawa mikono kwa mara ya pili. Sabuni ya kipande, maji ya moto, kisha anajikausha kwa taulo mpaka katikati ya vidole. Hapaki mafuta. Hajapaka mafuta ya mikono siku ya kazi kwa miaka arobaini, na ngozi yake inaonyesha.

Anakaa. Mbele yake, juu ya vipande viwili vya sponji vilivyoegeshwa ili kitabu kisifunguliwe sana kikavunjika mgongo, kuna mahubiri yaliyochapishwa London mwaka 1612. Padri aliyeyatoa hakuna anayemkumbuka. Kamera inaning'inia juu. Gaynor anafungua ukurasa, analaza utepe mzito wenye punje za risasi ndani ili karatasi isijikunje, anakanyaga kitufe kwa mguu. Mwanga unapiga. Anafungua tena.

"Wageni wakija hapa, swali la kwanza ni glavu ziko wapi," anasema bila kuinua macho. "Glavu ni za sinema. Ukivaa glavu huisikii karatasi. Usipoisikia, unafungua mbili ukidhani umefungua moja."

Maneno hayo ya mwisho anayasema polepole. Anajua anachosema.

Chumba chake kiko chini ya ardhi, katika maktaba ya zamani ya mji wa Harthwaite, kaskazini mwa Uingereza. Hakina dirisha, na bomba la maji ya moto linagonga ukutani mchana kutwa. Gaynor ana miaka sitini. Analipwa pauni kumi na tatu na nusu kwa saa. Tarehe 31 Machi ndiyo siku yake ya mwisho kazini, na tayari mafundi wameshapima kuta, kwa sababu chumba hiki kitakuwa jiko la mkahawa wa wageni.

Kwa hesabu yake, amefungua kurasa zaidi ya milioni saba. Vitabu vya dini, vya dawa, vya sheria, vya mapishi, vijitabu vya kutukanana vya wakati wa vita vya mfalme na bunge. Leo mtu yeyote mwenye kompyuta anavisoma akiwa kitandani. Vingi kati ya hivyo vimepita katika mikono hii.

"Milioni saba na ushee," anasema. "Na zinazoninyima raha ni mbili tu."

Alianza kazi mwaka 1984, akiwa na miaka kumi na tisa. Hakukuwa na kompyuta. Kampuni moja ya filamu ilikuwa na mkataba na maktaba kadhaa za kaskazini: kupiga picha kila kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa kabla ya mwaka 1700, kwenye filamu nyembamba ambazo wasomi walizitazama kwa mashine. Wasichana sita walikaa kwenye mstari, kila mmoja na taa zake. Lengo lilikuwa picha elfu moja na mia mbili kwa siku. Aliyeshindwa kulifikia wiki mbili mfululizo aliambiwa akatafute kazi ya kiwanda cha biskuti.

"Hawakutufundisha vitabu. Walitufundisha kuwasha taa na kuhesabu."

Novemba mwaka 1986 akaletewa kijitabu cha kurasa thelathini na mbili, chembamba kama daftari la mtoto. Kilikuwa kimechapishwa mwaka 1643. Wajane wa wafumaji wa Harthwaite waliliandikia bunge kwamba waume zao wamekufa vitani, kodi ya nyuzi imepanda, na watoto wanakula mkate wa pumba. Nakala nyingine ya kijitabu hicho haijawahi kupatikana popote duniani.

Ukurasa wa ishirini na tisa unamalizika hivi: na ili ijulikane kwamba sisi si uvumi bali ni watu, tumeweka hapa majina yetu.

Gaynor akafungua. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye karatasi na kurasa zilikuwa zimeshikana. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amejikata akimenya viazi, na kidole gumba cha kulia kilifungwa plasta nene. Hakusikia kitu. Akafungua karatasi mbili badala ya moja, akapiga picha, akaendelea. Ukurasa wa thelathini na wa thelathini na moja ukabaki umefunikwa ndani.

Ndizo zenye majina.

Hakuna aliyeshtuka. Namba ziliruka kutoka ishirini na tisa hadi thelathini na mbili, lakini wachapaji wa enzi zile walikosea namba kila kukicha, na wasomi wameshazoea. Aliyeorodhesha filamu aliandika kwa mkato: kurasa 30 na 31 hazipo. Filamu zilipogeuzwa kuwa picha za kompyuta mwaka 2003, maneno hayo yakahamia kwenye tovuti pamoja na picha. Yapo mpaka leo.

Kisha likaja suala la paa.

Mwaka 2009 maktaba ilikuwa inavuja. Wakuu wakaamua kuuza vitabu mia nne ambavyo, kwa maneno yao, vilikuwa tayari vimehifadhiwa kwa picha. Kijitabu cha wajane kilikuwa kimojawapo. Nani atakitaka, kina upungufu?

"Mimi ndiye niliyevifunga kwa karatasi na kamba," anasema Gaynor. "Mia nne. Nilikiweka hicho kwenye boksi kwa mikono yangu. Ningekifungua tu, dakika moja, ningeona. Sikukifungua. Nilikuwa nataka kuwahi basi."

Miaka saba baadaye ikamfikia Gaynor barua pepe kutoka Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Aliyeiandika ni Desmond Tranter, mwalimu mstaafu ambaye siku hizi ana miaka themanini na mmoja. Yeye ni mmoja wa watu wanaojitolea kukaa nyumbani na kunakili vitabu hivi vya zamani herufi kwa herufi, kutoka kwenye picha, ili kompyuta iweze kutafuta neno ndani yake.

Mwalimu Tranter alikuwa ameona kitu ambacho wasomi hawakukiona. Wachapaji wa karne hizo walikuwa na desturi: chini kabisa ya kila ukurasa, pembeni kulia, walichapa peke yake neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili fundi wa kupanga karatasi asichanganye. Gaynor huliita neno la mlangoni. Chini ya ukurasa wa ishirini na tisa, neno la mlangoni ni jina, Marjory. Lakini picha inayofuata inaanza na sala, Ee Mungu.

"Namba zinaweza kudanganya," anasema mwalimu kwa simu. "Neno lile halidanganyi. Nikajua kuna mlango umefunguliwa na watu wamebaki nje. Nikamuuliza huyo dada: je, karatasi ilichanwa, au aliyepiga picha aliiruka?"

Gaynor akafungua picha kwenye kompyuta. Pembeni mwa ukurasa wa thelathini na mbili, kwenye ukingo wa karatasi, kinaonekana kidole gumba chenye plasta.

"Nilikitazama kidole changu kwa muda mrefu," anasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nikasema, ni wewe, bibi wee. Si mwingine. Ni wewe."

Hakuna aliyekuwa anamshuku. Angeweza kujibu hajui na habari ikaishia hapo. Badala yake akapanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa maktaba, Rowena Castell, akasema alichofanya. Akaomba mambo mawili. La kwanza, maneno ya kwenye tovuti yabadilishwe: kurasa zipo, mpiga picha aliziruka. La pili, mnunuzi atafutwe na aombwe ruhusa ya kupiga picha mbili tu.

Mazungumzo yale Gaynor anayakumbuka neno kwa neno.

"Gaynor, mama, tukiandika hivyo kesho mtu atauliza kitabu chenyewe kiko wapi."

"Si tumeuza."

"Ndiyo hapo sasa."

"Ndiyo wapi?"

"Itaonekana tumeuza nakala pekee duniani bila kuangalia."

"Kwani tuliangalia?"

Ombi lake likapokelewa kwa maandishi. Miaka tisa imepita. Mwezi uliopita gazeti hili lilimwuliza Bi. Castell kwa nini tovuti haijarekebishwa. Alijibu kwa barua kwamba maktaba hairekebishi maelezo ya kitabu isichokuwa nacho mkononi, na kwamba inathamini sana mchango wa wafanyakazi wake wa muda mrefu.

Gaynor aliposomewa jibu hilo alicheka puani. "Kitabu hawanacho mkononi kwa sababu wamekiuza. Na hawawezi kusema kweli juu yake kwa sababu hawanacho mkononi. Ukiwa na akili ya hivyo wanakupa ofisi yenye dirisha."

Mnunuzi alimtafuta mwenyewe. Ilimchukua miaka mitano, kwa barua na simu, kutoka kwa dalali hadi dalali, na wawili kati yao walikuwa wameshakufa. Kijitabu kiko kwa Piers Haddlesey, bwana mmoja mwenye nyumba kubwa ya mawe mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Harthwaite. Alimwandikia barua tatu, zikapotea kimya. Ya nne ikajibiwa. Oktoba mwaka jana akakaribishwa chai.

Aliendeshwa na dada yake, Lynette, mpishi wa shule aliyestaafu, miaka sitini na saba. Wanaishi pamoja tangu Lynette afiwe na mumewe. Lynette alikataa kuingia ndani. "Mimi mdomo wangu unajulikana," alisema. "Ngoja nikae na gari."

Bwana Haddlesey hakuwa mkali. Alimtengea kiti karibu na moto, akawafukuza mbwa, akamimina chai mwenyewe. Boksi la kijivu lilikuwa mezani. Gaynor alijua mara moja ni la kitabu cha ukubwa gani.

"Bibi Ollerenshaw, nakushukuru kwa uaminifu wako. Wengine wangeficha."

"Naomba picha mbili tu, bwana. Nimekuja na kamera. Dakika tano."

"Unajua nilikinunua kwa bei ya koti la mvua?"

"Najua. Niliona karatasi za mauzo."

"Na unajua kwa nini leo kinatakiwa na watu wa ng'ambo? Kurasa zote nyingine mtu anazisoma bure akiwa kwake. Hizo mbili hakuna aliyeziona. Hizo mbili ndizo kitabu. Ukizipiga picha, ninabaki na karatasi kuukuu."

"Ni majina ya watu, bwana. Wajane wa mji wetu."

"Ndiyo. Nimeyasoma. Yanagusa sana." Akamwongezea chai.

Boksi halikufunguliwa. Gaynor alilitazama kwa dakika arobaini, umbali wa mkono mmoja, kisha akasema asante, akaondoka. Kwenye gari Lynette alimwona uso.

"Kakataa?"

"Kakataa."

"Si ungelibeba ukimbie?"

"Na goti hili?"

"Ungenirushia mimi dirishani."

"Endesha gari, Lynette."

Walifika nyumbani. Lynette akapika maharagwe, akayamwaga juu ya mkate wa kuchoma, na Gaynor hakula.

Uchungu wake, anasema, si kwamba alikosea. Kila anayefungua kurasa elfu kwa siku atakosea. Uchungu ni kwamba kosa lake limegeuka mali. Kidole chenye plasta kimempa bwana Haddlesey utajiri ambao hakuutolea jasho, kimewapa wakuu wa maktaba kisingizio cha kuuza, na kimewapa wajane nini? Waliandika wazi wasichukuliwe kuwa uvumi. Miaka mia tatu karatasi iliwatunza. Kisha wakaja watu wa kuwahifadhi.

"Mtu akiingia kwenye tovuti leo anasoma hazipo," anasema. "Neno hilo ndilo baya kuliko yote. Ukiambiwa hazipo, huzitafuti. Msomi anakunja mikono, anaenda kunywa chai. Zipo! Ziko kwenye boksi la kijivu, zimekaa vizuri kabisa."

Mwalimu Tranter naye hakukunja mikono. Alikwenda kwenye daftari la zamani la mazishi la kanisa la Harthwaite, akawatafuta wanawake wote waitwao Marjory waliokuwa hai mwaka 1643. Aliwapata sita. Mmoja wao huenda ndiye wa kwanza kwenye orodha. Yupi, hajui. "Macho yangu yanakwenda," anasema. "Ningependa kuandika hata jina moja kamili kabla hayajazima. Nusu jina ni kitu cha kukera sana."

Januari mwaka huu mambo yalibadilika. Bwana Haddlesey ametangaza kukiuza kijitabu. Kitapigwa mnada London tarehe 14 Mei, na tangazo lenyewe linasifu kurasa mbili ambazo hazijawahi kuonekana na umma. Halizionyeshi, bila shaka. Wanaotajwa kuwa wanunuzi ni watu wa kuweka vitu kwenye kabati la chuma.

Gaynor alisoma tangazo hilo akiwa kazini. Akalia kidogo. Halafu akalisoma tena, taratibu, kama mtu anayesoma risiti, akaona kitu chini kabisa.

Minada ya vitabu ina utaratibu wake. Siku mbili kabla ya mauzo, mali huwekwa wazi kwa ajili ya kutazamwa. Anayetaka kununua hawezi kuambiwa anunue asichokigusa. Kwa hiyo mtu yeyote, awe tajiri au mfagiaji, anaingia, anaandika jina lake mlangoni, anaomba namba ya kitabu, analetewa mezani, anakifungua kwa mkono wake. Hawamwulizi ana kiasi gani benki.

"Wamejifunga wenyewe," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Wanaweza kunikataza kamera. Nimepiga simu, wamesema kwa kitabu hiki mwenyewe amekataza picha, na simu zitaachwa mlangoni. Kalamu pia, penseli pia. Lakini macho?"

Macho hayaachwi mlangoni. Huo ndio mpango wa dada hawa wawili.

Wataingia kama watu wasiojuana. Kwa kuutazama upana wa karatasi na ukubwa wa herufi za mchapaji yule, Gaynor anakadiria kila ukurasa una majina kama arobaini, kwa safu mbili. Atakiomba kwanza yeye, akariri ukurasa wa thelathini. Mtu huachiwa kitabu dakika kumi hivi kabla mwingine hajakitaka. Atakapokirudisha, atakiomba Lynette, akariri wa thelathini na moja. Hawatasemezana. Watatoka nje, watakaa kwenye ngazi za jengo la kwanza watakaloliona, na kila mmoja ataandika alichobeba.

Wamekuwa wakifanya mazoezi tangu Februari. Walianza na mnara wa kumbukumbu ya vita ulio karibu na posta, wenye majina themanini ya vijana wa Harthwaite. Orodha ikishazoeleka haifai tena, kwa hiyo kila Jumapili huenda kijiji kingine, hunakili mnara wake, na jioni hubadilishana karatasi mezani.

"Nimejua wanaume wengi miezi hii miwili kuliko maisha yangu yote," anasema Lynette. "Na hakuna hata mmoja wa kunitengenezea bomba."

Jioni ya siku hiyo mazoezi yanafanyika jikoni kwao. Vyombo vimeondolewa mezani. Lynette anageuza karatasi, anashika saa ya mkononi. Gaynor anatazama dakika kumi bila kupepesa, kidole kikishuka jina kwa jina, midomo ikienda. Kisha karatasi inafunikwa na yeye anaanza kuandika.

Mara ya kwanza, mwezi Februari, alipata majina kumi na saba. Wiki iliyofuata ishirini na tisa. Lynette mwenyewe amekwama kwenye thelathini na moja. "Nikifika katikati naanza kuona supu," anajitetea.

Anaulizwa: na wasomi wakisema orodha ya kukumbukwa na bibi wawili wenye uchungu si ushahidi?

"Watasema. Wacha waseme," Gaynor anajibu bila kusimamisha penseli. "Mwalimu Tranter atayapeleka kwenye daftari la kanisa. Yakilingana, watasema tumebahatisha? Majina themanini? Na nitawaandikia tena hao wa tovuti, kila mwezi, mpaka walifute neno lao. Nitakuwa nimestaafu. Muda ninao."

Anamaliza. Lynette anachukua karatasi zote mbili, anazilinganisha, anaweka alama kwa kalamu nyekundu kama alivyokuwa akihesabu sahani za watoto shuleni.

"Thelathini na sita," anatangaza. "We! Thelathini na sita kati ya arobaini. Inatosha, dada'angu. Chai?"

Gaynor anaivuta karatasi upande wake, anayatafuta yaliyokosekana, anayasoma kwa sauti moja baada ya jingine.

"Inatosha nini? Niwaache wanne nje tena?" Anaigeuza karatasi kichwa chini. "Lete kijiji kingine."